Kikombe cha Kichina si Mgeni

Mhakiki mmoja kamwambia kijana mwenzetu wa Lushoto afute kikombe cha Kichina kwenye shairi lake. Eti si chetu. Eti aweke kata au kibuyu, ndiyo litakuwa shairi la Kiafrika. Kijana kafuta. Mimi nasema akirudishe, tena leo leo!

Tuulizane, ndugu zangu: chai iliyomo kikombeni ni ya nani? Mmea wenyewe asili yake Uchina. Wajerumani waliujaribu Amani, kwenye kituo cha utafiti walichokianzisha mwaka 1902. Kiwanda cha Mponde kilipofungwa mwaka 2013, wakulima wadogo wa Bumbuli waliona michai yao ikigeuka msitu. Nenda kamwambie mkulima yule kwamba chai si yake, uone!

Na kikombe je? Teremka pwani. Wazee wa Kunduchi walipachika bakuli za Kichina kwenye makaburi yao, zamani sana kabla mhakiki huyu hajazaliwa. (Hata udongo mweupe wa kufinyangia kauri tunao, pale Pugu. Tusijifanye hatuujui.)

Wengine wanacheka: "Kikombe gani hakina mkono?" Bwana we, vile vikombe vidogo vya muuza kahawa wa Tanga vina mikono? Unashika ukingo kwa ncha za vidole. Vidole vikiungua, midomo nayo isubiri. Chai ikipoa kidogo unakikumbatia kwa viganja viwili, asubuhi ya Julai, ukungu umejaa Lushoto nzima, na joto linapita kwenye kauri ile nyembamba mpaka kwenye mifupa. Tena hakishiki harufu ya chai ya jana, kama plastiki zetu.

Ukitaka ugomvi, gombana na kabati. Nyumba ngapi huku milimani vikombe vya kauri vimefungiwa, vinangoja mgeni? Akija ofisa wa wilaya, vinatoka. Akija padri au shehe, vinatoka. Mama aliyevinunua kwa pesa ya kabichi anavifuta vumbi kila Jumamosi, kisha anakunywa chai yake kwenye kikombe cha bati kilichobanduka rangi. Hilo ndilo shairi, kijana. Andika ufunguo unakaa wapi, na nani anaruhusiwa kuushika.