Ni Nani Aliyeliandika Jina la Bibi Kizee?

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunisoma nikizungumzia mashairi, taarabu na vitabu vya wazee wetu. Leo mniwie radhi, kwani nataka kuzungumza juu ya mchezo wa televisheni wa Kiingereza, tena wa hadithi za kubuni za kisayansi, mambo ya watu wanaosafiri kutoka nyota moja hadi nyingine. Msiniulize mtu wa makamo yangu kapelekwa na nini huko. Nilipelekwa na safari ya Kisii.

Mpwa wangu ni mwalimu katika kaunti ya Nyamira, naye kaoa katika Wanubi wa mji wa Kisii, Waislamu wenzetu ambao babu zao waliletwa na Waingereza kama askari. Alipojaaliwa mtoto wa kwanza akanialika katika akika. Nikaliacha joto la Mombasa nikaingia kwenye baridi ya milimani, migomba kila upande, michai imevifunika vilima kama busati, na mvua ya alasiri isiyokosa miadi. Usiku wa pili, baada ya isha, mvua ikiwa bado inapiga bati, mpwa wangu akafungua kompyuta yake akaniambia, "Mjomba, kuna mchezo mmoja nataka uutazame. Niliwaonyesha wanafunzi wangu, darasa zima likanyamaza kimya." Tukakaa watatu: mimi, yeye, na mama mkwe wake, bibi mjane wa Kinubi ambaye Kiingereza hakijui, bali macho anayo.

Mchezo wenyewe huitwa Doctor Who. Ulianza kuonyeshwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963, siku kumi na tisa kabla ya Kenya kupata uhuru, ukasimama mwaka 1989 na ukarejea mwaka 2005. Ni habari za Daktari mmoja asiye na jina, kiumbe wa sayari nyingine, anayesafiri katika nyakati zilizopita na zijazo ndani ya sanduku la buluu linalofanana na kibanda cha polisi wa Uingereza. Akikaribia kufa hubadilika sura akawa mtu mwingine, na kwa hila hiyo mchezo umeishi miaka mingi kwa kubadilisha wachezaji. Katika sehemu niliyoiona Daktari ni mwanamke, Bibi Jodie Whittaker, wa kwanza kushika nafasi hiyo. Sehemu hiyo huitwa The Witchfinders, yaani Wasaka Wachawi. Ilionyeshwa mara ya kwanza tarehe 25 Novemba 2018, imeandikwa na Joy Wilkinson na kuongozwa na Sallie Aprahamian.

Kisa ni hiki. Daktari na wenzake watatu wanafika katika kijiji kimoja cha Lancashire, chini ya kilima cha Pendle, mwanzoni mwa karne ya kumi na saba. Wanakuta watu wamekusanyika kama kwamba pana sherehe. Kumbe bibi kizee, Mama Twiston, amefungwa kwenye gogo, anatoswa mtoni kujaribiwa kama ni mchawi. Akizama akafa, basi hakuwa mchawi. Akiibuka hai, ni mchawi, naye atauawa. Daktari alikwisha waonya wenzake wasiingilie mambo ya watu wa zamani, lakini anapomwona kizee anazama hawezi kuvumilia, anajitupa majini. Anamtoa. Amekwisha chelewa.

Bibi wa Kinubi aliyekuwa kimya muda wote akauliza, "Hana mwana wa kumsemea?"

Mpwa wangu akamjibu kwamba anaye mjukuu, msichana aitwaye Willa, lakini naye anaogopa. Bibi akatikisa kichwa, akarudi kwenye kikombe chake cha chai.

Mwenye kuendesha mateso hayo ni Bibi Becka Savage, mmiliki wa ardhi ya kijiji. Kisha anatokea Mfalme James mwenyewe, amevaa barakoa, anachezwa na Alan Cumming kwa mbwembwe nyingi. Huyu si mfalme wa kubuni. Mfalme James wa Kwanza aliandika kitabu kizima juu ya uchawi mwaka 1597, na sheria kali dhidi ya wachawi ilipitishwa mwaka 1604 katika utawala wake. Wala kilima cha Pendle si cha kubuni. Mwaka 1612 watu kumi walinyongwa katika kesi za huko, na shahidi mkubwa alikuwa mtoto wa kike wa miaka kama tisa, Jennet Device, aliyesimamishwa mbele ya majaji akatoa ushahidi dhidi ya mama yake mzazi na kaka yake. Wote wawili walinyongwa.

Sasa niwaeleze kitu kilichonishika zaidi kuliko maajabu yote ya mchezo huu. Daktari anayo karatasi moja ndani ya kibeti chake. Karatasi hiyo haina maandishi yoyote, lakini kila anayeonyeshwa husoma juu yake. Becka anaitazama anasoma kwamba Daktari ni mkuu wa wasaka wachawi. Mfalme anaitazama karatasi ile ile, naye kwa kuwa haimwingii akilini mwanamke kuwa mkuu, anasoma kwamba Daktari ni msaidizi tu, na ukuu anaupewa mwanamume mzee waliyefuatana. Karatasi ni moja, nyeupe pepepe. Kila mtu kaisoma kwa kilichomo moyoni mwake.

Hapo mpwa wangu akausimamisha mchezo. Akasema, "Mjomba, hapo ndipo watoto waliponyamaza. Wao wanaijua karatasi hiyo."

Naam, wanaijua. Mwezi wa Mei 2008, huku huku Kisii, kundi la watu lilipita usiku nyumba kwa nyumba, mkononi lina orodha ya majina, likawachoma moto watu kumi na mmoja, wanawake wanane na wanaume watatu, wengi wao vikongwe. Wanakijiji waliwaambia waandishi wa habari kwamba ushahidi wanao: daftari lililookotwa katika shule ya msingi, eti ndani yake mna kumbukumbu za mkutano wa wachawi, na majina ya watakaorogwa. Tafakari, ndugu msomaji. Wachawi wanaotisha wilaya nzima, wakafanya mkutano wakaandika kumbukumbu kama chama cha ushirika, kisha daftari wakalisahau shuleni! Lakini mwenye hofu hasomi kilichoandikwa. Tena tarehe 17 Oktoba 2021, katika sehemu za Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa kupigwa na kuchomwa, ikidaiwa wamemroga mwanafunzi wa kidato cha nne. Hao hawakupewa hata mto wa kuzamia.

Najua msomaji wa pwani anasema nini hapa. Anasema, hayo ni mambo ya Wakisii, wenyewe wana neno lao omorogi, wamezoea. Nyani haoni kundule. Kilifi ni wapi, kama si kwetu? Ni miaka mingi sasa tunasikia wazee wa Kilifi wakikatwa mapanga kwa tuhuma hiyo hiyo, na mara nyingi nyuma ya tuhuma pana shamba la kurithiwa. Wako wazee waliopaka nywele rangi nyeusi wasionekane mvi, maana mvi, iliyokuwa heshima, imekuwa hati ya kifo. Huko Ganze, Kaya Godoma imekuwa makimbilio ya wazee waliofukuzwa na damu yao wenyewe. Kutoka Ganze hadi misikiti yetu ya Kilifi na Malindi si safari ya kufunga mizigo.

Tena ngoja nisogee karibu zaidi, mpaka mlangoni kwangu.

Mtaani kwetu nilikokulia palikuwa na bibi mjane, hana mume hana mwana, akiuza maandazi asubuhi. Mtoto wa jirani akafa kwa homa ya siku tatu. Wanawake wakakaa barazani wakanong'ona, kisha mmoja akatuuliza sisi watoto tuliokuwa tukienda chuoni alfajiri, kama hatukuona kitu. Nilikuwa na miaka tisa. Nikasema nimemwona bibi akipita nyuma ya nyumba ya msiba kabla ya adhana. Kweli nilimwona, na ndoo ya maji kichwani. Ndoo sikuitaja. Nilipoona watu wazima wamenyamaza wananisikiliza mimi, jambo ambalo halikuwahi kunitokea, nikaongeza kwamba alikuwa akisema peke yake. Na kweli midomo ilikuwa ikitikisika. Leo najua alikuwa akivuta uradi.

Hakuna aliyemgusa. Watu waliacha tu kununua maandazi yake. Siku moja nikapita nikaona mlango una kufuli, na sikupata kusikia tena habari zake. Katika mchezo, Willa anabanwa atoe ushahidi dhidi ya Daktari, naye kwa hofu anautoa, na Daktari anafungwa kwenye gogo lile lile. Mpwa wangu alimwona Willa akamlaani. Mimi sikuweza kumlaani.

Mimi nimesoma chuoni, na sitajidai hapa kwamba sihiri haipo. Imetajwa katika Sura ya Bakara, katika habari za Haruta na Maruta. Lakini tuliosoma habari hiyo tumesoma na nyingine. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kwamba Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alifanyiwa sihiri na mtu aitwaye Labid, kwa kitana na nywele zilizotiwa kisimani. Jina la mtu lilijulikana, tena kwa wahyi, si kwa daftari la kuokota. Mwenyezi Mungu alipomponya, Mtume hakumtoa mtu yule mbele ya umati; alichelea kuwafungulia watu mlango wa shari, akaamuru kisima kifukiwe. Kilichofukiwa ni kisima. Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya hukumu ya mchawi, lakini hakuna aliyesema hukumu hiyo ni ya vijana wenye petroli. Na Sura ya Hujurati imetukataza dhana na ikatuamrisha kuhakikisha habari. Hata sheria ya Kenya ya uchawi, iliyoandikwa mwaka 1925, imefanya kumtuhumu mtu uchawi kuwa ni kosa, isipokuwa kwa anayepeleka mashitaka yake kwa chifu, polisi au mwenye mamlaka.

Nirudi kwenye mchezo, kwani mhakiki asiyetia kasoro hajatazama. Mwisho wake tunaambiwa kwamba Becka aliukata mti wa kale uliomziba asione mandhari, kumbe mti ule ulikuwa kufuli la jela ya viumbe wa nyota za mbali, Morax, waliofungwa chini ya kilima. Matope yao yakamwingia mwilini, akawa mgonjwa. Alimwendea bibi yake ampe dawa, kwani Mama Twiston alikuwa bibi yake mwenyewe, na dawa haikufaa. Akaogopa asije akaambiwa yeye ndiye mwenye shetani, akaanza kuwatosa wenzake. Hapa Bi Wilkinson kagusa penyewe: kidole cha kwanza kilinyooshwa na aliyeogopa kunyooshewa. Lakini kisha yanatoka matope yanayotembea na maiti zinazofufuka, miege ya moto inarushwa, na ukatili wote unaonekana umetoka chini ya ardhi. Hapo kaniangusha. Pendle ya 1612 haikuhitaji matope. Marani ya 2021 haikuhitaji kiumbe wa nyota yoyote. Ilitosha hofu, chuki ya jirani, na watu wema waliofunga milango yao. Na yule mfalme, aliyetia wino kwenye sheria, anaondoka akiwa kichekesho. Mimi ningependa aulizwe swali moja zito kabla hajapanda farasi.

Jambo moja la mwisho wa mchezo ni la kweli mno. Mfalme anaamuru jina la kijiji lifutwe lisikumbukwe kamwe. Hivyo ndivyo tunavyofanya sote. Tukishaua tunafuta. Muulize mtu wa kijiji chochote kilichochoma mzee, atakwambia siku hiyo alikuwa safarini.

Ulipokwisha mchezo nilimwambia mpwa wangu aendelee kuwaonyesha watoto wake wa shule, kasoro zake na yote, kwa ajili ya ile karatasi tupu. Wajifunze kuuliza, likiletwa jina la mtu: nani kaliandika, kaliandika kwa hofu ya nini, na shamba la mtu huyo litakwenda kwa nani? Nasi wa pwani tunao makhatibu wa Ijumaa na walimu wa madrasa. Maswali hayo hayahitaji kompyuta.

Mvua ilikuwa imekatika. Yule bibi wa Kinubi akainuka kwenda kulala, akasimama mlangoni, akarudia swali lake, hakumwuliza mtu hasa: "Lakini kweli hakuwa na mwana wa kumsemea?"

Sikuwa na jibu usiku ule. Bibi yangu wa maandazi naye hakuwa na mwana. Alikuwa na mtaa mzima, na alikuwa na mimi.