Sahihi ya mzazi si ngao ya mtoto

Mwalimu mmoja wa shule ya upili mtaani Kawangware alinijia hivi majuzi akiwa na barua mkononi. Shule yake na nyingine ya Kibera zilikuwa zimekusudia kuwapeleka wanafunzi katika Mbuga ya Kitaifa ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, wakatembee kwa miguu kati ya majabali mekundu. Wazazi walikuwa wameandikiwa kwa Kiingereza na kutakiwa watie sahihi chini ya ukurasa. Wengi walitia. Mama mmoja alikataa katakata. Aliuliza maana ya jina la mahali hapo, akaambiwa ni Lango la Jehanamu. Akajibu kwamba mwanawe hapelekwi huko angali hai.

Mwalimu alinisimulia kisa hicho ili tucheke pamoja. Nilicheka kidogo, kisha nikanyamaza. Miongoni mwa wazazi wote walioipokea barua ile, ni huyo mama peke yake aliyeuliza mtoto wake anapelekwa wapi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga.

Jina lenyewe lina historia. Wamaasai waliokuwa wakilisha mifugo katika eneo hilo waliliita korongo hilo Ol Njorowa, jina lisilomtisha mtu. Habari za jehanamu zililetwa na wasafiri wa Kizungu waliopita hapo mwaka wa 1883. Mmoja wao alikuwa Mjerumani Gustav Fischer, ambaye hadi leo nguzo ndefu ya mwamba iliyo karibu na lango la mbuga inaitwa kwa jina lake. Mbuga ilipotangazwa rasmi mwaka wa 1984, jina la wageni ndilo lililoandikwa. Mama wa Kibera hakukosea basi. Aliitafsiri Kiingereza kama kilivyoandikwa.

Nataka nieleweke vyema. Sisemi safari ifutwe. Kinyume chake, naona hakuna wanafunzi wanaoistahili zaidi ya hawa. Jina Kibera limetokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu. Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la Mwingereza, walipopewa makao hapo mwanzoni mwa karne ya 20, miti ilikuwa imewazunguka. Jina Kawangware nalo lina ndani yake neno ngware, yaani kware kwa Kikikuyu. Leo mtoto wa Kibera hukua katikati ya mabati na vichochoro, na mwenzake wa Kawangware huenda asimjue kware hata kwa sura. Wamerithi majina ya msitu na ndege, lakini vyenyewe hawakurithishwa.

Naivasha haiko mbali. Ni kilomita tisini hivi kutoka Nairobi, na mbuga yenyewe ni miongoni mwa chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli, pundamilia, twiga na swara wakiwa kando ya njia. Mwalimu wa jiografia atawaonyesha nguzo za mwamba zilizobaki pale volkano zilipozimika, na korongo lililochongwa na maji ya ziwa la kale, kubwa kuliko Ziwa Naivasha tunalolijua. Mwalimu wa sayansi atawaonyesha mvuke wa Olkaria, ambao tangu mwaka wa 1981 unazalisha umeme. Siku moja pale yaweza kumfundisha kijana mambo ambayo muhula mzima wa ubao na chaki haukumfundisha.

Lakini korongo hilo hilo limeua. Mwezi wa Aprili mwaka wa 2012, vijana saba wa kanisa moja, waliokwenda kutembea kama hawa wetu wanavyotaka kwenda, walichukuliwa na mafuriko ya ghafla. Mwanzoni mwa Septemba mwaka wa 2019, watu wengine saba waliangamia katika korongo hilo kwa namna hiyo hiyo, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) likalifunga. Tazama miezi hiyo, ndugu msomaji. Aprili ni katikati ya masika, lakini Septemba haimo katika masika wala vuli. Kalenda peke yake haitoshi kuwa kinga.

Hatari ya mahali hapo ni kwamba haijitangazi. Mvua inaweza kunyesha kwenye miinuko ya mbali, ilhali juu ya vichwa vya watembeaji anga ni jeupe. Maji hukusanyika katika mikondo, yakaingia korongoni mahali ambapo kuta ni ndefu na njia ni nyembamba, na aliye chini hana pa kukimbilia. Haya yaweza kuelezwa kwa sentensi tatu au nne za Kiswahili chepesi, na mtoto wa miaka kumi na minne akayaelewa. Katika barua niliyoonyeshwa, hayakuwamo. Kilichokuwamo ni aya ndefu ya Kiingereza cha kisheria, isemayo kwamba shule haitawajibika kwa madhara yoyote yatakayotokea.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Idhini ni tendo la lugha: humfunga mtu pale tu anapojua anachokikubali. Sahihi iliyotiwa chini ya maneno yasiyoeleweka haimlindi mtoto. Humlinda aliyeiandika barua. Nimewasikia walimu wakisema kwamba Kiingereza ndiyo lugha ya shule, na kwamba barua ya Kiswahili itaonekana duni. Nawauliza: je, siku ya msiba mzazi ataarifiwa kwa lugha gani?

Kwa hiyo nilimshauri mwalimu yule aiandike barua upya. Aeleze kwamba Hell's Gate ni jina tu, na kwamba kuna jina la kale zaidi. Aseme wanafunzi watatembea umbali gani, watakula nini, na kila mmoja atabeba maji kiasi gani. Ataje gharama zote, ili asiyeweza kulipa ajulikane mapema na asaidiwe kwa staha, asije akaachwa langoni mwa shule basi likiondoka. Kabla ya kupanga chochote, aulize KWS kama korongo liko wazi na ni sehemu zipi zinazoruhusiwa. Likiwa limefungwa, matembezi ya juu, kati ya majabali, yanatosha na yanapendeza. Zaidi ya yote, barua imtaje mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema, "Turudi," na ieleze kwamba neno lake halitapingwa na mwalimu mkuu wala dereva, hata kama pesa zimekwisha kulipwa.

Wanafunzi wenyewe washirikishwe katika kazi hii. Waichore ramani, wapige hesabu ya nauli, na waandike ilani ya hatari kwa maneno yao, kisha wawasomee wazazi nyumbani. Hiyo itakuwa insha yenye manufaa kuliko nyingi tunazosahihisha.

Mwalimu alipoondoka, alisema ataanza kwa kumtembelea mama yule Kibera. Nilimwomba asiende kumshawishi, bali aende na daftari aandike maswali yake yote. Barua itakayoweza kuyajibu ndiyo itakayostahili sahihi za wazazi wengine.