Bili Iliyotufuata Kutoka Harusini



Mwaka 2023 tulirejea Uingereza kutoka Mombasa tukakuta bili ya pauni 160, ilhali hatukupiga simu hata moja. Kumbe simu ilikuwa mfukoni ikipokea yenyewe picha na video za jamaa. Kifurushi chetu hakikufika Kenya. Huko tulitozwa pauni 5 kwa kila megabaiti. Video moja ya megabaiti 20, ya harusi ile ile tuliyohudhuria, ilitugharimu pauni 100!

Hatukujua kwamba tangu Oktoba 2018 sheria yazitaka kampuni za simu kumpa kila afungaye au aongezaye mkataba nafasi ya kuwekewa kikomo cha bili. Kiombeni. Nayo data ya ng'ambo izimeni kabla ya kupanda ndege. Mkifika, nunueni laini ya huko. Husajiliwa kwa pasipoti.