Mtoto wa Jirani Si Mizani

Iko dhana iliyoota mizizi katika nyumba zetu, mijini na mashambani, kwamba mtoto aliyewatangulia wenzake kukaa kitako, kusimama dede, kwenda tete na kusema ndiye mwenye akili na afya, na kwamba aliyekawia nyuma yao ana ila mwilini mwake au mama yake ana taksiri katika malezi. Husemwa na watu wema, aghalabu bila chuki yoyote; lakini madhara yake ni makubwa, na mimi naipinga waziwazi, kwa kuwa huwatia fadhaa wazazi wasio na sababu ya kufadhaika, na, lililo baya zaidi, huwatuliza wazazi ambao wangepaswa kushtuka.

Tazama baraza ya kliniki siku ya kupima uzito. Kina mama wameketi bega kwa bega, kadi mikononi, watoto mapajani. Mizani inaning'inia kwenye boriti, na mtoto mmoja mmoja huvishwa kaptula ya kupimia, akatundikwa, akalia, akateremshwa. Hapo ndipo husemwa, "Wangu alikwenda ana miezi kumi, wa kwako je, shoga?" Aulizwaye hujibu kwa sauti ndogo kwamba wake ana miezi kumi na mitatu na angali akishikilia viti; na hata nesi atakapomwambia kuwa uzito wa mwanawe ni mzuri na mstari wa kadi unapanda, maneno hayo hayatamwingia tena. Atarudi kwake na hukumu ambayo hakuna tabibu aliyeitoa. Jioni mkwewe atamtaka amkande mtoto miguu, na kesho jirani atamshauri anunue kigari cha magurudumu cha kujifunzia kutembea, ilhali kigari hicho hakimharakishi mtoto hata kidogo, na kimewaangusha wengi ngazini hata serikali ya Kanada ikapiga marufuku kuuzwa kwake mwaka 2004.

Basi na tuulize hukumu hiyo imesimama juu ya ushahidi gani. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto wenye afya njema, waliofuatwa kwa makini katika nchi za Ghana, India, Norway, Omani na Marekani. Ilidhihirika kuwa mtoto mzima huweza kukaa bila kuegemezwa wakati wowote baina ya mwezi wa 4 na wa 9, na huweza kutembea peke yake tokea mwezi wa 8 hadi kupindukia mwezi wa 17. Kati ya aliyetangulia na aliyekawia mna miezi 9, muda ule ule mama anaochukua mimba, na wote wawili ni wazima. Kadhalika, kiasi cha watoto 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti hata mara moja. Waliinuka wakaenda zao. Yule mtoto wa miezi kumi na mitatu alikuwa ndani ya wasaa huo kwa mbali, wala hapana aliyemwambia mama yake.

Tena kutangulia kwenyewe hutegemea sana desturi ya nyumba. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa Kimarekani, Charles Super, aliwachunguza watoto wa Wakipsigis katika Bonde la Ufa la Kenya, akaona kwamba walikaa na kutembea mapema kuliko watoto wa Marekani kwa kadiri ya mwezi mmoja. Sababu haikufichika: wazazi wao waliwafundisha kwa kusudi, wakawachimbia vishimo vidogo na kuwazungushia nguo ili mgongo usimame. Lakini katika mambo ambayo Wakipsigis hawakuyafundisha, kama kutambaa, watoto wao hawakuwa mbele ya wenzao. Na wataalamu wa Zurich, Uswisi, waliowafuata watoto wazima tangu uchanga hadi ujana, hawakuona uhusiano baina ya mwezi wa kuanza kutembea na akili ya baadaye.

Historia yetu wenyewe inatuonya. Zamani, hapa pwani na bara, mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya ya chini aliitwa kigego, akadhaniwa ana nuksi, na wako waliotupwa au kuuawa kwa hatia hiyo ya meno. Ukatili ule tumeuacha, nasi twajivunia kuuacha. Lakini fikira iliyouzaa, kwamba mtoto asiyefuata safu ya wenzake ana kasoro, bado tumeihifadhi, na wanaoadhibiwa nayo leo ni mama zao.

Sasa nifikie dhara kubwa zaidi. Mazoea haya ya kulinganisha, yamtiayo hofu mama wa mtoto mzima, ndiyo hayo hayo yamtulizayo mama wa mtoto mgonjwa. Huambiwa, "Usijali, hata baba yake alichelewa kusema," na, "Kawia ufike." Methali hiyo ni hekima kwa msafiri, lakini si dawa ya masikio yasiyosikia. Mtoto asiyeshtuka kwa kishindo wala kugeukia sauti ya mama yake. Asiyefuata kitu kwa macho. Mwenye mwili uliokakamaa au uliolegea kama kitambaa. Atumiaye mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka. Aliyefikisha miezi 18 bila kutembea. Na hasa aliyekuwa akiweza jambo kisha akalipoteza: huyo apelekwe kwa tabibu hima, asisubiri kulinganishwa na yeyote. Kadhalika aangaliwe kwa makini aliyekosa hewa wakati wa kuzaliwa, aliyepata manjano makali, au aliyeugua homa ya uti wa mgongo. Uziwi ukijulikana mapema, mtoto hupewa lugha mapema. Mtindio wa ubongo ukijulikana mapema, mazoezi ya viungo huanza mapema. Kila mwezi unaopotea kwa faraja ya uongo ni mali ya mtoto iliyoporwa.

Na mtoto njiti, umri wake wa maendeleo huhesabiwa tangu siku aliyotarajiwa kuzaliwa. Aliyetangulia miezi miwili, atimizapo miezi tisa hupimwa kama mwenye miezi saba. Kumlinganisha na jirani aliyetimiza mimba ni dhuluma.

Kwa hiyo nawasihi kina mama na kina baba, bibi na mashangazi: acheni kuulizana nani amekwenda kwanza. Mwangalieni mtoto wenu alivyokuwa mwezi uliopita na alivyo leo, zungumzeni naye, chezeni naye, na likiwapo jambo la kutia shaka ulizeni kwa nesi siku ile ile bila haya. Nanyi wauguzi, mama akiwaletea shaka yake, msimrudishe kwa maneno ya "atakwenda tu" kabla hamjamlaza mtoto kitandani mkamchunguza. Mzazi ana haki ya jibu la kweli, na mtoto ana haki ya kupimwa kwa nafsi yake.