Dogo Anakoroma, Bibi Anataka Kimeo

Wiki hii mambo ya mademu na madisko tuyaweke kando. Nina la kifamilia.

Mwezi uliopita nililala kwa dada yangu, Sakina. Nikawekwa chumba kimoja na mwanawe, kidume cha miaka mitano. Duh! Dogo anakoroma kama Fuso la mchanga linapanda Ilboru. Nikacheka, nikajifunika shuka. Mara kimya. Nikadhani nimepona, kumbe kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haipiti. Nikahesabu hadi kumi na moja ndipo akashtuka, akavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini. Usiku mzima ni hivyo hivyo. Nikamrekodi kwa simu.

Asubuhi dada ananiambia, "Mbona ndiyo kawaida yake? Na kitandani anakojoa, na mwalimu anasema anasinzia darasani." Mama naye akapiga simu kutoka Tengeru: Jumamosi mtoto apelekwe kwake, keshaongea na mzee wa kukata vimeo. Kasheshe! Mimi wa kidato cha nne nimwambie nini mama mzazi? Nikasema, "Mama, nakuomba, nipe siku tatu tu."

Kesho yake tulikuwa ndani ya Kosta, kilomita kama 80 hadi Moshi, KCMC, kwa daktari wa masikio, pua na koo. Ile video aliitazama mara mbili. Eksirei ikaonyesha nyama za nyuma ya pua zimekua mno, na mafindofindo nayo yanakaribia kugusana. Mtoto akilala misuli inalegea, njia inaziba. Kimeo wala hakihusiki, na wembe wa yule mzee unaweza kuleta damu isiyokatika, hata pepopunda.

Je, kila mtoto anayekoroma apasuliwe? Hapana bwana. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulichukua watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wenye tatizo hili. Baada ya miezi saba, vipimo vya usingizi vilikuwa vimekaa sawa kwa 79 katika kila 100 waliopasuliwa. Waliosubiri tu, 46. Kwa hiyo wapo wanaopona bila kisu. Wetu, daktari alisema tusisubiri.

Anapigwa dawa ya usingizi, kazi inafanyika kupitia mdomoni, nje hakuna hata kidonda. Mara nyingi haifiki saa moja. Dada alikaa kwenye benchi ameshika kiatu kimoja cha mwanawe, mimi najifanya nasoma gazeti. Shughuli pevu ni baadaye: koo linauma wiki nzima au zaidi, ni uji uliopoa na maji kwa wingi. Madoa meupe kooni yasikutishe. Ila damu ikitoka, hata siku ya saba, mbio hospitali.

Mama alikuja kumwona mjukuu, akalala naye. Asubuhi akanijia juu: "Huyu mtoto mbona hatoi sauti? Nimemwamsha mara nne kuangalia kama yupo hai!"