Si Kila Jiko Lizimikalo ni Bovu

Mnamo Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ambao shabaha yake ni kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Umeme ni mojawapo ya nishati hizo, na miongoni mwa majiko ya umeme yanayoingia majumbani limo hili la indaksheni, lenye uso wa kioo, ambalo hupika bila kuonyesha moto wala waya mwekundu. Azma hiyo tuliiunga mkono na bado twaiunga mkono. Lakini tunalo neno juu ya yale yatokeayo siku jiko linapozimika.

Siku hiyo mwenye nyumba hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama hulisukumia jiko uvunguni na kumtuma mtoto akanunue kopo la mkaa, ama humwita fundi wa redio wa mtaani, ambaye kabla ya kuuliza swali lolote huwa amekwisha shika bisibisi. Yote mawili twaona hayafai. Mara nyingi hitilafu haimo ndani ya jiko hata kidogo. Imo katika sufuria, katika soketi, au katika umeme wenyewe ufikao nyumbani.

Tuanze na sufuria, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Jiko hili halichomi chochote. Chini ya kioo kuna koili ya waya wa shaba, na umeme hupita humo ukigeuza mwelekeo zaidi ya mara 20,000 kwa sekunde. Nguvu ya sumaku itokanayo nao hupenya kioo na kukipasha moto chuma cha sufuria. Sasa sufuria zetu, hizi zinazopangwa sokoni kwa ukubwa na kutunzwa maharusi, ni za alumini, nayo alumini haishikani na sumaku. Jiko likikosa chuma hukataa kazi: hulia, huonyesha alama ya hitilafu, kisha hujizima. Huo si ugonjwa, ndivyo lilivyoundwa. Mama aliyeuziwa jiko bila kuambiwa habari ya sufuria ameuziwa nusu ya chombo kwa bei ya chombo kizima. Kipimo chake ni rahisi: achukue sumaku ya spika ya redio mbovu aiweke kwenye kitako cha sufuria. Ikigandama barabara, sufuria yafaa. Ikianguka, jiko lisilaumiwe. Hata sufuria ya chuma, ikiwa kitako chake kimebonyea au ni chembamba mno kuliko duara lililochorwa juu ya kioo, yaweza kukataliwa vilevile.

Jambo la pili ni zito zaidi, kwa sababu laweza kuteketeza nyumba. Jiko la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 huvuta karibu ampea 9. Plagi nzuri yenye fyuzi ya ampea 13 na soketi iliyofungwa vema ukutani huubeba mzigo huo bila taabu. Lakini katika nyumba nyingi jiko huchomekwa kwenye ekstensheni ileile inayolisha televisheni, redio na chaji za simu, yenye waya mwembamba, tena mara nyingine umeviringishwa nyuma ya kabati. Waya wa namna hiyo hupata moto. Na pale soketi ilipolegea, mambo huwa mabaya zaidi. Ukinzani wa nusu omu tu katika maungio yaliyolegea, jiko likivuta ampea 9, huzaa joto la wati 40 hivi mahali padogo kuliko kidole gumba. Ni joto la balbu ya zamani ya wati 40 lililofungiwa ndani ya plastiki.

Dalili zake hazijifichi. Plagi huwa ya moto hata haishikiki. Soketi hupata doa la kahawia. Pana harufu ya plastiki inayoungua. Jiko huwaka na kuzimika mtu agusapo waya. Aonaye moja ya hayo azime, achomoe, na jiko alijaribu kwenye soketi nyingine ya ukutani. Likipika huko, mgonjwa ni soketi, wala si jiko, na soketi hiyo isitumiwe tena hadi fundi umeme mwenye leseni aibadilishe baada ya kuzima meinswichi. Na fyuzi ikiungua, iwekwe nyingine ya kiasi kilekile. Ile desturi ya kuizungushia waya, au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, twailaani bila kumung'unya maneno: fyuzi iliyozungushiwa hivyo haiilindi nyumba tena.

Liko pia suala la umeme wenyewe. Majiko haya yameundwa yajilinde. Volti zikishuka au zikipanda kupita kiasi hujizima na kuonyesha alama. Basi jiko linalopika vizuri saa nne asubuhi na kugoma saa moja usiku, wakati kila nyumba iko jikoni, huenda lasema kweli juu ya laini, hasa kwa nyumba zilizo mbali na transfoma. Twawashauri wenye nyumba za namna hiyo waandike tarehe na saa kwa muda wa juma moja, waangalie kama taa hufifia na kama jirani yamemfika hayohayo, kisha wapeleke karatasi hiyo ofisi ya umeme. Lalamiko lenye saa na tarehe ni vigumu kulipuuza. Na umeme ukikatika, jiko lichomolewe, lisirudishwe hadi umeme utulie kwa dakika kadhaa.

Juu ya joto la jiko lenyewe hatuna mengi. Feni iliyo chini yake huvuta hewa kupitia matundu madogo, na matundu hayo yakizibwa na mafuta, vumbi au kitambaa cha meza, jiko hupata joto na kujizima katikati ya wali. Mende nao hupenda kujificha humo. Matundu yasafishwe kwa brashi kavu, jiko likiwa limechomolewa, na baada ya kupika feni iachwe izunguke hadi isimame yenyewe.

Lakini yapo mambo ambayo mwenye nyumba asiyaguse. Kioo kikipasuka, jiko lisitumike tena hata kama lapika, kwani maji ya mchuzi yaweza kushuka hadi kwenye umeme. Saketi breka ikianguka kila plagi inapochomekwa, ndani kuna shoti. Hapo ndipo kazi ya fundi, na hapo ndipo tunapoingiwa na hofu. Sehemu kubwa ya bodi ya jiko hili imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani. Haina transfoma kubwa ya kuutenga kama redio za kale zilizowafundisha kazi mafundi wetu wengi. Ndani yake kuna kapasita ambayo huchajiwa kufikia volti 325 hivi, na yaweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Fundi asiyeipima kwa mita kabla ya kuweka mkono anacheza na roho yake.

Tena fyuzi ya ndani haiungui bure. Mara nyingi huungua kwa kuwa transista kubwa iendeshayo koili imekufa, na anayeweka fyuzi mpya peke yake ataiunguza hiyo nayo. Fundi mwenye busara hulijaribu jiko kwanza kupitia balbu ya wati 60 au 100, ya aina ile ya waya unaowaka, iliyofungwa kwa mfululizo na waya wa umeme; balbu ikiwaka kwa nguvu zote bila kufifia, shoti ingali imo.

Kwa hiyo tunayo maombi, na hayawahusu wapishi. Wauzaji watoe pamoja na kila jiko karatasi ya Kiswahili yenye maana ya kila alama ya hitilafu ya jiko hilohilo, kwani E1 ya kiwanda kimoja si E1 ya kingine. Waweke dukani feni, transista na sufuria zinazofaa. Shirika la Viwango, TBS, lizidi kuzisaka ekstensheni zinazodai kubeba ampea 13 huku waya wake ukiwa wa kuchajia simu. Vyuo vya VETA viwape mafundi wa mitaani kozi fupi juu ya majiko haya, kwa ada wanayoiweza. Nao wanaogawa majiko kwa mamia katika mikutano ya hadhara warudi baada ya mwaka mmoja, waingie majumbani, wahesabu ni mangapi bado yanapika, na hesabu hiyo waitangaze kama walivyoitangaza ile ya kwanza.