Kunde za Kakapel
Wasomi wa Angurai mnanichekesha. Mkiulizwa kwenu ni wapi, mnasema “karibu na Malaba,” halafu mnaongeza, “lakini huko hakuna historia.”

Casteil ni kijiji kidogo cha milima ya Pyrenees, Ufaransa. Karne ya 11 watawa walijenga abasia juu yake. Baadaye waliiacha ikawa magofu, na mwaka 1902 ikaanza kujengwa upya. Leo watu wanapanda mlima kuiona. Poa.

Sasa njoo Kakapel, vilima vya Chelelemuk. Watu walikaa chini ya mwamba ule miaka 9,000 iliyopita. Ukutani kuna michoro, wakiwemo ng’ombe. Mwaka 2024 watafiti walitangaza kunde iliyochimbwa hapo: umri wake ni miaka kama 2,300. Yaani ilikuwa hapo zaidi ya miaka 1,000 kabla ya jiwe la kwanza la abasia.

Historia haikosekani kwetu. Ila tumezoeshwa kuamini ni kengele na kuta za mawe, si mboga ya shosho. Panda boda uende ukaone, kisha uniambie tena hakuna kitu.